Goti kwa Goti, au Simu Mkononi?

Katika darasa za akina mama za Pumwani na Eastleigh, na hata huko Umoja na Kayole ambako Waislamu ni wachache na msikiti aghalabu uko mbali, swali moja hurudi kila muhula unapoanza. Je, mtoto aendelee kupelekwa chuoni kwa miguu yake, au atafutiwe ustadhi wa kumsomesha kwa simu akiwa nyumbani? Wanaouliza si wavivu. Mmoja ana watoto wanne na kibanda cha nguo Gikomba, naye hurudi baada ya Magharibi. Wa pili mwanawe alichapwa chuoni hata akawa hulia kila ifikapo Alasiri. Wa tatu amesikia kuwa yuko ustadhi Misri anayesomesha kwa mtandao kwa malipo yasiyofika nauli ya matatu ya mwezi mmoja. Kila mmoja ana haki ya kupewa jibu lenye uzito, si kuambiwa tu kwamba wazee wetu hawakusoma hivyo.

Swali lenyewe lilianza kuulizwa kwa wingi mwaka 2020, na ni vyema tukumbuke lilivyoanza, kwani tumesahau upesi.

Tarehe 15 Machi mwaka huo, siku mbili tu baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru shule zifungwe. Shule za kutwa zilifunga kesho yake, za bweni zikatakiwa ziwe zimefunga kufikia tarehe 18, na vyuo vikuu tarehe 20. Wengi walidhani ni jambo la wiki tatu. Ikapita Ramadhani, ikapita Idi, na tarehe 7 Julai Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, akatangaza kwamba mwaka mzima wa masomo ungehesabiwa kuwa umepotea. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba. Wengine wote walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Ulimwenguni kote, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walifungiwa shule kwa wakati mmoja, jambo ambalo historia haijapata kulishuhudia.

Sisi Waislamu tulikuwa na msiba ndani ya msiba. Tarehe 6 Mei, ikiwa ni takriban katikati ya Ramadhani ya mwaka 1441 Hijria, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Eastleigh hapa Nairobi na Mji wa Kale kule Mombasa, kwa tangazo moja. Basi jamaa wa Mji wa Kale na jamaa wa Eastleigh, ambao hapo kabla walikuwa wakitembeleana kwa basi la usiku, walijikuta wamefungiwa siku moja kama ndugu wa chumba kimoja. Na hata misikiti iliporuhusiwa kufunguliwa mwezi Julai, kwa watu wasiozidi 100 na kwa saa moja tu, watoto walio chini ya miaka 13 hawakuruhusiwa kuingia, na madrasa zilitajwa waziwazi kwamba ziendelee kufungwa. Mtoto aliyekuwa amefika juzuu ya Amma mwezi Machi, akiachwa bila ya kusomeshwa, ilipofika Oktoba alikuwa amerudi Alifu.

Serikali ilifanya iliyoweza. Taasisi ya Kukuza Mitaala ilirusha masomo kwa redio ya KBC na kwa televisheni, na masomo mengine yakawekwa kwenye mtandao. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kutuambia nani angefikiwa. Katika kila nyumba 100 nchini Kenya, zenye redio zilikuwa kama 57, zenye televisheni kama 41, na zenye kompyuta ya aina yoyote hazikutimia tisa. Mwaka huohuo wa korona kampuni ya Loon, kwa kushirikiana na Telkom, ilirusha maputo makubwa ya intaneti yapatayo 35, yakielea juu angani kiasi cha kilomita 20 yakimwaga mawimbi ya simu magharibi na katikati ya nchi. Watu wakasema sasa dawa imepatikana. Haukutimia mwaka, mradi ukafungwa. Shida ya mtoto wa Mathare haikuwa mawimbi hayo, kwani yalikuwapo tele tangu hapo. Shida yake ilikuwa ni simu ya kuyapokea, fedha ya bando, na pembe moja ya nyumba iliyo kimya.

Na hapa ningependa tukae kidogo, maana wanaopanga mambo haya hukaa katika ofisi zenye milango. Chumba cha Majengo au Mathare ni futi kumi kwa kumi. Humo mna kitanda, pazia, jiko, madumu ya maji na watu watano. Ukuta ni mabati, na jirani wa upande wa pili ana redio yake. Simu yenye intaneti aghalabu ni moja, nayo ni ya baba, na asubuhi hutoka naye kwenda kibaruani. Ikirudi usiku ina moto kidogo, na stima huenda ikawa imepotea. Sasa watoto ni watatu: nani atangulie? Akina mama wenyewe ndio walionijibu, na jibu lao halikunifurahisha. Hutangulia mvulana mkubwa kwa sababu ana mtihani. Kisha mdogo wake. Msichana huambiwa amalize vyombo kwanza, na akimaliza vyombo bando limekwisha. Chuoni mambo huwa sivyo. Chuoni msichana ana nafasi yake kwenye jamvi, msahafu wake na zamu yake ya kusoma mbele ya mwalimu, na hakuna kaka wa kumpokonya zamu hiyo. Kwa wasichana wengi wa mitaa ile, saa mbili za chuo ndizo saa pekee katika siku ambazo hakuna anayewatuma.

Mtoto wa Buruburu au Donholm ambaye ana chumba chake na kompyuta yake, hali yake ni nyingine. Hata hivyo wazazi wa tabaka hilo nao hawakuridhika. Wenye watoto katika shule mojawapo ya bei kali jijini walifika mahakamani wakipinga kutozwa karo kamili kwa masomo ya mtandaoni. Mwenye nacho na asiye nacho, wote wawili waliona kwamba kitu fulani kimepungua. Kitu gani hicho?

Maulamaa wetu walilijadili hili kabla ya umeme kuvumbuliwa. Ibn Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, katika kitabu chake mashuhuri cha elimu ya hadithi, alizipanga njia za mwanafunzi kupokea elimu zikawa nane. Ya kwanza na iliyo bora ni kumsikia mwalimu kwa masikio yako akisoma. Ya pili ni wewe kumsomea mwalimu naye akikusikiliza. Huko mbele, katika nafasi ya tano, imo barua: mwalimu akiwa mji mmoja, mwanafunzi mji mwingine, elimu ikasafiri kwa karatasi. Ya mwisho kabisa ni mtu kuokota kitabu akajisomea bila ya mwenyewe kumpa. Tazama hekima yake. Hawakusema elimu ya mbali si elimu. Waliipokea, bali waliipa daraja yake. Nami nionavyo, rekodi ya YouTube ambayo mtoto anaitazama peke yake iko karibu na ile njia ya nane. Somo la moja kwa moja kwa simu, mwalimu akimwona mwanafunzi na kumsahihisha papo hapo, liko juu sana kuliko hapo. Tatizo ni kwamba wazazi wengi huzichanganya njia hizi mbili, wakasema, "Mwanangu anasoma mtandaoni," ilhali anatazama tu.

Ipo hadithi tunayoijua sote, iliyopokewa na Sayyidna Umar, ya mgeni aliyekuja kumwuliza Mtume (SAW) kuhusu Uislamu, Imani na Ihsani. Kabla ya kuuliza lolote alikuja akaketi, akayagusisha magoti yake na magoti ya Mtume. Baadaye masahaba wakaambiwa kwamba yule alikuwa Jibril. Malaika ambaye angeweza kuuliza kutoka popote alichagua kukaa goti kwa goti. Na ipo hadithi nyingine, ya mtu aliyeingia msikitini akaswali kwa haraka. Mtume akamrudisha mara tatu, kisha akamfundisha kila nguzo na utulivu wake. Mtu yule alisahihishwa kwa sababu alionekana mwili mzima. Mtoto anayejifunza swala mbele ya simu huonekana uso, na pengine mabega. Mgongo wake katika rukuu uko nje ya kioo. Nimewaona watoto wa namna hiyo wakiletwa msikitini wakiwa na Fatiha safi kabisa, na sijda ambayo pua haigusi chini.

Katika kusoma Qur'ani yapo mambo ambayo simu huyaharibu na yapo ambayo haiyadhuru, na ni vizuri mama ayajue. Sauti ya simu hubanwa ili ipite katika njia nyembamba, na zinazoathirika mwanzo ni zile herufi ambazo tofauti yake ni pumzi tu. Haa ya kooni na haa nyepesi, siini na thaa, dhadi na dhaa: mtoto wa Eastlands ambaye mchana kutwa anazungumza Kiswahili, Kisomali, Kiingereza na Sheng tayari ana kazi ya kuzitenga, na sasa mwalimu aliye mbali hasikii vyema kama amezitenga au la. Tena ulimi unatakiwa uonekane. Ustadhi aliyekaa mbele ya mtoto humfungulia kinywa akamwonyesha ncha ya ulimi inakaa wapi. Kwa simu yenye kioo kilichopasuka, katika chumba chenye taa hafifu, hilo halionekani.

Jambo la pili ni kusoma kwa pamoja. Sote tuliopita chuoni, iwe Lamu, Mombasa au Pumwani, tulijifunza nusu ya tulichojifunza kutoka kwa mwenzetu wa kando. Mtoto mgeni hukaa kimya siku tatu, siku ya nne mdomo wake unaanza kufuata wa wenzake, mwisho wa mwezi sura imemkaa kifuani na wala hakumbuki aliihifadhi lini. Katika duksi za Eastleigh ni vivyo hivyo, kila mmoja na loho yake, sauti zao zikipanda pamoja kama mvua juu ya mabati. Simu haiwezi hili. Sauti za watoto ishirini zikipita kwenye mtandao kila moja hufika kwa wakati wake, ikawa ni vurugu, na mwalimu analazimika kuwazima wote abakishe mmoja. Basi mtoto husoma peke yake dakika tano, kisha hunyamaza dakika hamsini akingoja zamu. Mtoto wa miaka sita hangoji dakika hamsini. Baada ya kumi amekwisha ingia kwenye katuni.

Lakini tusiwe watu wa kusifu vyetu tu. Wazazi hawakimbilii simu kwa sababu ya simu yenyewe. Wengine wanakimbia fimbo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa kupigwa, na Katiba ya 2010 imekwisha mkinga kila mtu na adhabu ya mwili, ila bado wapo walimu wa vyuo wanaodhani kwamba msahafu umewatoa katika sheria hiyo. Mtume (SAW) alitumikiwa na Anas bin Malik tangu utotoni mwake kwa miaka kumi, na Anas mwenyewe amesimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata neno la karaha. Chuo kinachotaka watoto warudi, kianze hapo. Kisha kitazame choo chake, mwangaza wake, idadi ya watoto kwa mwalimu mmoja, na kama watoto wadogo wanavukishwa Juja Road na mtu mzima au wanaachwa wapigane na magari. Mama anayemzuia mwanawe kwa hofu ya barabara hajakosa. Na mlango wa chumba cha kusomeshea uwe wazi wakati wote, kwa mwalimu wa kiume na wa kike, wa Qur'ani na wa hesabu.

Sasa nigeukie upande ambao nauona mtandao umetuletea kheri kubwa, nao ni upande wenu akina mama.

Wanawake wa Madina walipoona wanaume wamewazidi katika kumpata Mtume, walimwomba awawekee siku yao, naye akawawekea. Na baada yake, Bibi Aisha (RA) alikuwa mwalimu wa masahaba na wanafunzi wao, na wanaume walimsikiliza kutoka nyuma ya pazia. Maulamaa wengi wa hadithi walichukua hilo kuwa ni hoja, kwamba elimu inayosikika kutoka nyuma ya pazia ni sahihi, maadamu sauti ya mwalimu inajulikana. Pwani yetu nayo ina mfano wake. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa mawaidha. Msichana yule aliachiwa elimu akiwa ndani, kwa karatasi, kutoka kwa mama yake. Basi mwanamke kusoma akiwa nyumbani si bidaa ya intaneti.

Na mitaa hii ya Nairobi ina haja nayo zaidi kuliko pwani. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 watu wake wakahamishiwa Shauri Moyo; huko Waislamu waliishi mlango kwa mlango, na mwanamke alivuka uchochoro mmoja tu akafika darasani. Jina la msikiti wa Riyadha wa Pumwani ni lilelile la msikiti wa Habib Swaleh wa Lamu. Lakini wajukuu wa watu wale leo wametawanyika Umoja, Komarock, Kayole na Dandora, familia moja ya Kiislamu katika jengo la ghorofa sita. Mwanamke wa Kayole mwenye mtoto mchanga hawezi kufika Pumwani saa kumi alasiri na kurudi kabla ya giza. Kwake yeye, darasa ya fiqhi ya tohara inayosomeshwa na mwalimu wa kike kwa simu, saa tatu usiku watoto wamekwisha lala, haikuchukua nafasi ya chuo. Imechukua nafasi ya kutosoma kabisa. Tena katika masuala ya hedhi na nifasi, akina mama wameniambia kwa uwazi kwamba wanauliza kwa simu mambo ambayo wangeona haya kuyauliza ana kwa ana.

Ndivyo ilivyo pia katika elimu ya dunia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwapo tangu miaka ya 1990, na hapa kwetu Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake tarehe 3 Agosti 2023, masomo yake yakiwa ni ya mtandaoni. Mtu mzima anajua kwa nini anasoma. Hana haja ya kushikwa mkono, ana haja ya wakati. Ikiwa msichana wako aliolewa kabla ya kumaliza masomo na sasa anataka kurudi, usimzuie kwa hoja kwamba mtandao si shule.

Kwa hiyo kauli yangu ni hii. Mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi, aende kwa mwalimu kwa miguu yake, na kama chuo cha karibu ni kibaya basi wazazi wakutane wakirekebishe au wafungue kingine, hata kama ni sebuleni kwa mmoja wao, watoto wanane na mwalimu mmoja. Wa juu ya hapo anaweza kuhifadhi chuoni na kusahihishiwa tajwidi kwa simu siku mbili kwa wiki na qari mwenye ijaza, tena hapo atafaidika kuliko angebaki na mmoja wao peke yake. Aliyekhitimu na mtu mzima, mtandao ni mlango wake. Aliye mgonjwa, mlemavu au anayeishi mahali pasipo na chuo hana lawama. Na shule ya hesabu na sayansi ni vivyo hivyo: miezi tisa ile ilitutosha kuonyesha kwamba darasa la kwanza halisomeshwi kwa redio.

Anayeamua kumtafutia mtoto ustadhi wa mtandaoni, amwulize kwanza alisoma kwa nani na amepewa ijaza na nani, kama ambavyo angemwuliza posa anayekuja kumchumbia binti. Aulize anasomesha watoto wangapi kwa saa moja. Wakizidi wanne, asilipe. Simu iwekwe juu ya meza, si mikononi mwa mtoto, na mlango usifungwe. Mtoto atawadhe na avae kama anayekwenda chuoni, kwani adabu ya darasa huingia kwa mwili kabla haijaingia kwa akili. Na katika nyumba yenye watoto wengi na simu moja, ratiba iandikwe ukutani, zamu ya msichana ikiwa na saa yake kama ya kaka yake, na vyombo vingoje.

La muhimu zaidi ni mtu mzima kukaa pale. Najua mama mmoja wa Komarock aliyeanza kukaa kando ya mwanawe kwa sababu tu mtoto alikuwa akitoroka kwenda kutazama mpira. Ustadha alikuwa Mombasa. Mtoto akisoma, mama akifuata kwa midomo huku akichambua mboga. Baada ya miezi kadhaa ustadha akamwomba, "Mama, nawe nisomee hiyo Yasin." Akakataa wiki mbili kwa haya. Wiki ya tatu akasoma. Sasa zamu ya mtoto ni saa kumi na moja kasorobo, na ya mama ni saa kumi na moja na robo.